Kijiti Chini ya Volumu

Mazwi, Sumbawanga
Jioni, siku moja kabla ya safari yako

Mwanangu Restituta,

Umetoka kwenda Izia kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani huku akisingizia moshi kwamba ndio unaomtoa machozi. Nimepata upenyo wa kukaa na kalamu. Habari za kufunga nauli kwenye pindo la kanga, kutopokea chakula cha mtu usiyemjua na kuvaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya juu ya lori, mama yako ameshakueleza hadi umechoka, nami sitazirudia. Mimi nataka kulijibu lile swali uliloniuliza wiki iliyopita, ukaniuliza tena juzi tukila, nami nikakujibu kwa kukohoa. Uliniuliza, "Baba, besi naondoka nayo au naiacha?"

Unakumbuka jinsi wito wenyewe ulivyokuja. Dereva wa lori la mahindi alisimama mbele ya kibanda changu cha redio, wala hakuzima injini, akatoa kichwa dirishani.

"Shikamoo, Fundi. Kizito wa Mbeya anakusalimu sana. Anasema bendi ya kiwandani kwao imepungukiwa mpiga gitaa la besi, na amesikia binti yako anaipiga vizuri. Kazi ya mchana kiwandani ipo, jioni ni bendi. Aje. Na aje na ile besi."

Akaondoka, akaniachia vumbi. Wewe uliruka kwa furaha. Mimi nilibaki nimeshika bisibisi, nikiyatafuna yale maneno ya mwisho. Aje na ile besi. Mbeya nzima haina besi nyingine? Na kwa nini sasa, baada ya miaka yote hii bila hata salamu?

Mimi ni mtu wa kushuku, unanijua. Jirani akinisalimia mara mbili asubuhi moja, najiuliza anataka kuazima nini. Mwenye duka akinipunguzia bei bila kuombwa, naigeuza bidhaa juu chini nione kasoro iko wapi, na mara nyingi naiona. Basi tangu siku ile nimemshuku Kizito kwa kila namna. Nilidhani anaitaka besi akawaonyeshe watu wake na kusema, hiki ndicho chombo nilichodhalilishwa nacho kwetu. Nilidhani anakutaka wewe ili nami nionje kunyang'anywa kitu. Nilimshuku hata dereva, kwamba amelipwa. Nilimshuku mama yako, maana habari za kupiga kwako besi hazikwenda Mbeya zenyewe kwa miguu. Wewe pia nilikutazama vibaya siku mbili hivi, na naomba unisamehe kwa hilo.

Huyo Kizito ulikuwa ukimwita baba mdogo. Ulikuwa mdogo, sijui kama unakumbuka alivyokuwa akikubeba mabegani kutoka shambani. Tulikaa naye kijiji kimoja, kule karibu na Kaengesa, wakati ule watu tulipohamishiwa pamoja na kulima shamba la kijiji. Mwenyekiti wetu alitaka bendi kwa sababu kijiji jirani kilikuwa na bendi, na hakuwa na sababu nyingine. Kijiji kikatoa magunia ya ulezi, tukaletewa magitaa mawili, ngoma, na hiyo besi, iliyotoka ng'ambo ya mpaka juu ya lori. Ilifika imeng'olewa volumu zote, vile vidude vya kuzungusha kupandisha na kushusha sauti. Nilipoona matundu mawili matupu nikamwambia Kizito, "Aliyezing'oa alikuwa na sababu." Akacheka. "Alikuwa na redio mbovu, Fundi. Ndiyo sababu."

Wapiga besi tulikuwa wawili, yeye na mimi, kwa kuwa dansi zetu zilikwenda mpaka kunakucha na vidole vya mtu mmoja visingeweza. Wewe unajua kwamba chini ya nyuzi za besi ile kuna sumaku mbili, na ndizo zinazosikia nyuzi zikitikisika na kupeleka sauti kwenye spika. Ya karibu na shingo hutoa sauti nene, ya kukaa tumboni. Hiyo aliipenda Kizito. Ya karibu na mkia hutoa sauti kavu, inayosikika hata akina mama wakipiga vigelegele, na hiyo ndiyo niliyoipenda mimi. Tukakubaliana kila mtu awe na sumaku yake na volumu yake. Ya juu yake, ya chini yangu. Atakayeshika besi atafungua ya kwake na kufunga ya mwenzake. Ulikuwa ujamaa wa kweli kuliko ule wa shamba, maana huko shambani wengine walikuwa wanaegemea majembe.

Kazi ya kuweka volumu ilikuwa yangu. Nilitoa mbili kwenye redio zilizokufa, nikazifunga kama nilivyofunga volumu za redio tangu nianze ufundi: volumu ina miguu mitatu ya chuma, sauti iingie kwa mguu wa pembeni, itokee kwa mguu wa katikati, na mguu wa tatu uende ardhini, yaani kwenye waya unaoimeza sauti. Kisha miguu ya katikati ya zote mbili nikaiunga kwenye waya mmoja unaokwenda kwenye spika. Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani? Fundi nilikuwa mimi.

Basi shida ikaanza. Kizito alikuwa mtu nadhifu. Akimaliza zamu yake, alifunga volumu yake mpaka mwisho kama mtu anayefunga mlango wa nyumba yake, ndipo anikabidhi besi. Mimi nafungua yangu, napiga, kimya. Watu wamesimama katikati ya uwanja mguu mmoja juu, wananitazama. Nahangaika, napapasa, na nikiigusa tu ile ya kwake kidogo, sauti yangu inarudi. Mara ya kwanza nilisema ni vumbi. Mara ya pili nilisema ni unyevu. Baadaye nikasema, hapana, huyu mtu amefanya kitu. Iweje sauti ya sumaku yangu, niliyoifunga kwa mikono yangu, isitoke mpaka niombe ruhusa kwenye volumu yake?

Nikamuuliza. "Kizito, umeifanya nini besi?"

"Sijaifanya kitu, Fundi. Labda uangalie nyaya."

"Nyaya zangu?"

"Nimesema labda."

Nilikaa na hiyo "labda" yake kifuani msimu mzima. Mtu aliyekuwa hajui hata kushika chuma cha kulehemu ananiambia niangalie nyaya. Nikaanza kumchunga. Akinong'ona na mpiga ngoma, ni mimi. Akitabasamu tukipokezana, ananicheka. Hakuna kilichonipita, isipokuwa kile kilichokuwa mbele ya macho yangu.

Siku ya sherehe ya mavuno walikuja wageni wa wilaya. Misheni ilituazima jenereta, uwanja ukajaa. Kizito akapiga zamu yake, akanikabidhi besi, nami kabla sijafungua yangu nikaona kitu chini ya kofia ya volumu yake, ile kofia nyeusi ya kuzungushia. Uzi mwekundu. Nikaing'oa kofia mbele ya watu. Kulikuwa na kijiti kidogo, kimechongwa vizuri, kimezungushiwa uzi mwekundu raundi nyingi, kimebanwa pale chini.

Mwanangu, watu wa mikoa mingine wakisikia Sumbawanga hutania juu ya uchawi, unajua wanavyotania. Siku ile hakuna aliyetania. Nilikiinua kile kijiti juu ili kila mtu akione, nikasema kwa sauti kubwa, "Haya, oneni kinachonizimia besi!"

Kizito hakukimbia wala hakukasirika. Alisogea karibu akasema, "Ni kijiti tu, Fundi. Nimekizungushia uzi kisiteleze. Kinazuia volumu yangu isifike mwisho, ili ya kwako..."

"Ili ya kwangu nini?"

Hakumaliza, kwa kuwa sikumwachia amalize, na kwa kuwa watu walikuwa wameshaanza kurudi nyuma. Mpiga ngoma aliweka fimbo zake chini taratibu. Mwenyekiti, ambaye mchana alikuwa amewahutubia wageni juu ya kuacha mambo ya kizamani, ndiye aliyesema kijiti kichomwe, na kikachomwa.

Hakuna aliyemgusa Kizito. Nataka ulijue hilo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimejifariji nalo mara nyingi. Lakini shambani hakuna aliyelima mstari wa pembeni yake tena. Mkewe akienda kuchota maji, wenzake walikumbuka ghafla kwamba ndoo zao zimejaa. Kabla mvua hazijaanza, walipakia vitu vyao juu ya lori la Mbeya. Asubuhi ile alipita kwetu. Mama yako alimkaribisha, mimi nikabaki mlangoni nimekunja mikono. Aliitazama besi ukutani, maana mwenyekiti alikuwa ameniachia, hakuna mwingine aliyetaka kuigusa, akaniambia, "Fundi, siku moja jaribu kufunga ya kwako, uone."

Mimi nikaona ni tishio.

Ndiyo maana, Restituta, tangu ulipoanza kujifunza besi ile hapa Mazwi, nilikufungulia volumu zote mbili mpaka mwisho na kukukataza kuzigusa. Ulidhani naogopa utazivunja. Naogopa kuvunjika kwa volumu mimi, mwenye makopo yamejaa volumu? Nilikuwa naogopa maneno ya Kizito. Miaka yote hiyo nimetengeneza redio za nusu ya mji huu, na kitu kimoja kilichoning'inia ukutani kwangu sikukifungua.

Leo mchana nilikifungua. Sikuwa nimeamua bado kama utaondoka nacho, nilijiambia tu kwamba chombo kisafishwe, maana volumu zile zimezeeka, zinakwaruza kama kuku anayepekua majani. Nilikwenda dukani kwa Mzee Abdallah. Akanitolea mbili kwenye karatasi, zinang'aa. "Mpya kabisa, Fundi, zimeletwa kutoka Dar." Siku hizi sabuni yenyewe haipatikani, volumu mpya zitoke wapi? Nikazipima kwa mita ya umeme pale pale. Zilikuwa za vile viredio vidogo vya betri, ukinzani wake wa umeme mdogo mno. Besi hii haina betri ndani, mwanangu. Sauti ya sumaku zake ni dhaifu, inajitembeza yenyewe mpaka kwenye spika, na ukiipitisha kwenye volumu kama hiyo, sehemu kubwa inavujia ardhini njiani, kinachobaki ni kama mtu anayezungumza ndani ya blanketi. Nikamrudishia Mzee Abdallah vitu vyake. Akasema, "Wewe Fundi huamini hata kinachong'aa?" Nikamwambia hicho ndicho nisichokiamini kabisa.

Nikapekua makopo yangu, nikapata mbili kutoka kwenye redio kubwa za zamani, zile zenye taa za kioo ndani. Hizo zina ukinzani mkubwa, zinaiacha sauti ipite. Nilizipima moja baada ya nyingine, nikazizungusha pole pole nione kama zinapanda sawa, kwa kuwa nyingine husinzia mpaka nusu halafu huruka, na ukiwa na moja inayosinzia na moja inayoruka hutaweza kamwe kusawazisha sumaku mbili. Hizi zinakwenda pamoja. Nilifurahi. Nikaichomeka besi kwenye ile redio kubwa ya kibandani ili niisikie mara ya mwisho na volumu zake za zamani kabla sijazitoa. Na hapo, sijui niseme ni kwa nini, labda kwa kuwa kesho unaondoka na sitakuwa na wa kumkataza tena, nikafungua volumu ya Kizito mpaka mwisho, nikafunga ya kwangu.

Besi ilikufa.

Nikapiga nyuzi zote. Kimya. Sumaku ya Kizito iko wazi kabisa, na haitoi kitu, kwa sababu ya kwangu imefungwa. Nikafungua ya kwangu kidogo, yeye akarudi. Nikafunga, akafa. Nilifanya hivyo mara nyingi kama mtu mwenye kichaa, mpaka mteja aliyeleta redio yake akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia arudi Jumatatu.

Ni kitu kidogo ambacho mwanafunzi wa ufundi angekiona. Volumu ya namna ile ikizimwa mpaka mwisho, mguu wa katikati unagusana na ardhi. Kwenye redio ni sawa, volumu iko moja, ukizima umezima. Lakini mimi niliunga miguu ya katikati ya zote mbili pamoja, kwa hiyo yeyote akifunga ya kwake mpaka mwisho anazima na ya mwenzake. Kizito alinizima mimi bila kujua. Na mimi, kila alipochukua zamu kutoka kwangu, nilimzima yeye. Maana na mimi nilikuwa nadhifu, Restituta. Nilifunga ya kwangu mpaka mwisho kila mara.

Nimekaa kwenye kigoda nikikumbuka. Naye alisimama mbele ya watu na besi bubu, dansi kwa dansi. Naye alipapasa. Akaigundua siri ya besi peke yake, kwa masikio tu, akawa anaifungua ya kwangu kidogo na kuendelea kupiga, huku akinitazama na lile tabasamu nililodhani la dharau. Hakunitangaza. Hakuuliza mbele ya watu, "Fundi, nyaya zako vipi?" Alisema labda. Nilipomkatalia hiyo labda, akaenda akachonga kijiti, akakiweka chini ya volumu yake, si ya kwangu, ili isifike mwisho, ili zamu yangu ikija nisikike. Ya kwangu hakuiwekea kijiti, kwa kuwa tulikubaliana kila mtu na yake. Kwa hiyo baada ya kijiti kile, mimi ningesikika, na yeye angeendelea kuzimwa.

Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nilikwenda nikamweleza mama yako. Hakushangaa. Nikamwambia, hata hivyo alikosea, angenieleza waziwazi. Akageuza karanga zake, akasema, "Angekueleza saa ngapi, baba Resti? Ulimpa nafasi?"

Na bado, nikuambie kweli, kuna sehemu yangu inayomshuku mpaka sasa. Tabia haitoki kwa mchana mmoja. Inaniuliza, je, kama anakuita ili akupe habari hizi mbele ya bendi nzima, wacheke? Basi wacheke. Ila nimeona jambo moja na nakuachia ulitumie utakavyo. Sikuambii uache kushuku. Bendi ina watu wa kila aina, na msichana mwenye besi begani atasikia mengi. Ila ukimshuku mtu, funga kwanza ya kwako, usikilize.

Besi unaondoka nayo. Nimeifunga nyaya upya, kwa zile volumu mbili za redio kubwa. Sasa sauti ya kila sumaku inaingia kwa mguu wa katikati na kutokea kwa mguu wa pembeni, kinyume cha redio. Unaweza kufunga moja mpaka mwisho na nyingine ikaendelea kuimba. Kuna kitu utakipoteza, sikufichi. Ukiishusha volumu kidogo, ukali wa sauti nao unapungua, inakuwa nzito kuliko ulivyozoea. Nimeona ni heri hivyo. Huko Mbeya fundi fulani ataifungua siku moja, atatikisa kichwa, atasema aliyefunga hizi volumu alikuwa hajui, amezigeuza. Mwache aseme, ila usimruhusu azirudishe.

Ukifika kwa baba mdogo wako, mpigie magoti umwamkie, yeye na mkewe. Usimpe maneno yangu, kwa kuwa maneno yangu aliyasikia siku ile ya mavuno na yalimtosha. Mpe besi. Fungua volumu yangu ya chini, anza kupiga, kisha mwambie afunge ile ya juu mpaka mwisho. Ataogopa kidogo, atakuonya kwamba utazimika. Mwambie afunge tu. Halafu badilishaneni, afungue ya kwake apige yeye, na wewe ufunge ya kwangu. Akiuliza nani amefunga nyaya hivi, sema baba. Akiuliza mbona amechelewa, hilo sina jibu lake, na wewe usinitungie.

Mfuko wa besi nimeushona mwenyewe kwa turubai, na mdomo wake nimeufunga kwa uzi mwekundu, raundi nyingi. Nimeutafuta mji mzima uzi huo. Kesho juu ya lori wenzako watautazama na kusogea pembeni, na pengine dereva ataomba uufungue aone ndani. Kataa. Waambie ni uzi tu, wa kuzuia usiteleze. Uufungue mbele ya Kizito.

Baba yako